Kuboresha Seva ya Zamani ya Kuhifadhia Mafaili Katika Nyumba ya Lamu

Seva ndogo ya nyumbani, iwe ni kompyuta ya ofisi iliyoongezewa diski au kasha dogo la nafasi nne kama HP ProLiant MicroServer Gen8 iliyoingia sokoni mwaka 2013, haizeeki yote kwa wakati mmoja. Prosesa yake bado inatosha kabisa kuwagawia jamaa wa nyumba moja picha za harusi, video za Maulidi, rekodi za kaswida na hesabu za nyumba ya wageni. Ila diski zake zimezunguka miaka mingi mchana na usiku, pawasaplai imechoka, na mapezi ya feni yameshika vumbi la chokaa lililochanganyika na chumvi. Kwa sababu hiyo anayetaka kuiboresha seva ya namna hii hapa Lamu hana budi kuanza na kile kinachohatarisha mafaili, na kukiacha nyuma kile kinachoyachelewesha tu. Mafundi wengi humshauri mteja aanze na prosesa na RAM, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyoonekana kuleta kasi, lakini mpangilio uliofuatwa hapa ni tofauti: kwanza hewa na chumvi, kisha umeme, kisha RAM na prosesa kwa ufupi tu, kisha diski, na kasi ya mtandao mwishoni.

Hatua ya kwanza: ijue mashine kabla ya kuifungua

Chukua daftari la karatasi uandike aina ya bodi kuu, aina na ukubwa wa kila kipande cha RAM, wati za pawasaplai, idadi ya poti za SATA (za kuunganishia diski), na nambari ya utambulisho ya kila diski pamoja na nafasi ilimokaa. Orodha hii isihifadhiwe ndani ya seva yenyewe, kwa maana utaihitaji hasa wakati seva imezimwa. Nambari za diski ndizo muhimu kuliko yote, kwani majina ambayo mfumo wa Linux huzipa diski, kama `/dev/sda` na `/dev/sdb`, yanaweza kubadilishana mashine inapowashwa upya, na mtu anayetegemea majina hayo huenda akaifuta diski yenye afya akidhani anaifuta mbovu. Majina ya kutegemewa hupatikana katika `/dev/disk/by-id`, ambako nambari ya utambulisho ni sehemu ya jina.

Baada ya hapo isome afya ya kila diski kwa amri `smartctl -a`, inayoonyesha SMART, yaani kumbukumbu za afya ambazo diski hujiwekea yenyewe kwa sifa zenye namba. Sifa ya 5 huonyesha idadi ya sekta zilizoharibika na kuhamishiwa kwingine, sifa ya 197 huhesabu sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua la kuzifanya, na sifa ya 198 huhesabu zile zilizoshindikana katika ukaguzi wa ndani. Ikiwa 197 au 198 si sifuri, ihesabu diski hiyo kuwa inakufa hata kama bado inafungua mafaili yote. Sifa ya 199 ni habari nyingine: huhesabu makosa yaliyotokea njiani kati ya diski na bodi, na katika mji wa pwani inafaa kuishuku kebo au miguu yake iliyoshika kutu kabla ya kuilaumu diski.

Kisha tengeneza nakala ya akiba. Kundi la diski la RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, huiwezesha seva kuendelea kufanya kazi diski moja inapokufa, lakini halikukingi na moto, wizi, faili lililofutwa kwa bahati mbaya, wala na mkono wako mwenyewe ukiwa na bisibisi. Diski moja ya nje yenye picha, video za familia na hati zisizoweza kupatikana tena, ikihifadhiwa katika nyumba nyingine, ndiyo ruhusa ya kuendelea na hatua zinazofuata. Asiye na diski hiyo asifungue kasha.

Hatua ya pili: chumvi, unyevu na mahali pa kuiweka seva

Sehemu hii huachwa na miongozo mingi kwa sababu waandishi wake hawaishi kisiwani. Chumvi ya kawaida hufyonza maji ya hewa hadi ikayeyuka pale unyevu unapopita takriban asilimia 75, na Lamu kiwango hicho hupitwa mara kwa mara, hasa usiku na wakati wa masika. Vumbi la chumvi lililotua juu ya bodi kuu, likiwa kavu, halina madhara makubwa. Likishageuka majimaji, huanza kupitisha umeme mahali pasipostahili na kuila shaba ya njia za bodi na miguu ya soketi. Ndiyo maana mashine huweza kufanya kazi vizuri mwezi mzima, ikazimwa siku mbili kwa safari, kisha ikakataa kuwaka mwenyewe anaporudi.

Jambo hili lina upande wake wa faida. Mashine inayofanya kazi huipasha joto hewa iliyomo ndani yake, na hewa iliyopashwa joto huwa kavu zaidi kwa kiwango cha unyevu: hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80 ikipashwa hadi nyuzi 36 hushuka hadi karibu asilimia 50, chini kabisa ya kiwango cha kuyeyusha chumvi. Kwa hiyo kuizima seva kila usiku kwa nia ya kuipumzisha huifupishia maisha katika mazingira yetu, na afadhali iachwe ikiwaka muda wote. Kwa sababu hiyohiyo usiliache kasha limefunguliwa hadi kesho yake katikati ya kazi, na vipande vilivyotolewa vitiwe katika mkebe unaofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya chembe za kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu na vifaa vya umeme, ambavyo wengi huvitupa.

Sasa angalia seva ilipokaa. Nyumba za kale za Mkomani zina zidaka ukutani, na kila mwenye seva ndogo hushawishika kuitia ndani ya kidaka kimoja, kwa kuwa inaingia vizuri na inapendeza machoni. Kidaka hakina njia ya hewa kwa nyuma, nao ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hushika unyevu na kumwaga unga mweupe ambao feni huuvuta ndani. Dari za boriti nazo hudondosha vumbi la miti pale wadudu walipoingia. Mahali panapofaa ni rafu ya mbao au ya chuma katika chumba cha ndani, shubiri moja kutoka ukutani, juu ya usawa wa goti, mbali na dirisha linalotazama bahari na mbali na chumba chenye birika la maji ya kuogea. Darini juu chini ya makuti pasifikiriwe kabisa, kwa sababu upepo wa kaskazi na wa kusi yote hupita hapo ikiwa na chumvi yake.

Ukiisha kuichagua sehemu, zima mashine, chomoa waya wa umeme, bonyeza swichi ya kuwashia mara moja ili mabaki ya umeme yaishe, kisha safisha. Tumia brashi laini na kipulizio cha mkono. Usipulize kwa kinywa, kwa kuwa pumzi ina maji. Ukitumia pampu ya hewa, shika mapezi ya feni kwa kidole yasizunguke, kwani feni inayozungushwa kwa nguvu huharibika beringi zake. Miguu ya RAM, ya kadi na ya kebo za SATA ipanguswe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa kidogo spiriti ya isopropili ya asilimia 99. Ile ya dukani ya kusafishia vidonda mara nyingi ina maji mengi. Kebo ya SATA yenye dalili ya ukijani kwenye miguu haisafishwi, hubadilishwa, kwa kuwa bei yake ni ndogo mno kulinganisha na usumbufu wake.

Feni yenye mlio wa kukwaruza ibadilishwe, lakini pima kipimo chake na utazame plagi yake kwanza, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji wa seva hupanga nyaya kwa namna yao wenyewe na feni ya kawaida haitazunguka, au mashine itakataa kuwaka ikidhani haina feni. Mbele ya tundu linaloingiza hewa weka kichujio cha sponji nyembamba, ukioshe kila mwezi kwa maji matamu na kukikausha kivulini kabla ya kukirudisha. Pesti ya joto iliyo kati ya prosesa na kipoza joto chake, ikiwa haijaguswa tangu kiwandani, huwa imekauka. Ifute kwa spiriti hiyohiyo na uweke mpya kiasi cha punje ya mchele. Lengo ni kuziweka diski chini ya nyuzi 45 hata katika joto la Februari na Machi, ingawa watengenezaji wengi huandika kikomo cha nyuzi 60.

Hatua ya tatu: umeme

Ndani ya pawasaplai mna kapasita zenye majimaji, na kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila joto likiongezeka nyuzi 10 maisha yake hupungua karibu nusu. Pawasaplai iliyofanya kazi miaka kumi katika chumba cha nyuzi 32 imezeeka kuliko ndugu yake aliyekaa katika ofisi yenye kipoza hewa, na inapokufa inaweza kufa pamoja na diski zote zilizounganishwa nayo. Ndiyo maana naiweka mbele ya diski katika orodha ya manunuzi. Dalili zake ni mashine kujiwasha upya bila sababu, diski kupotea na kurudi, na kapasita zilizovimba kichwa, ambazo huonekana pia kwenye bodi kuu. Pawasaplai yenyewe usiifungue: umeme hubaki ndani yake baada ya kuchomolewa.

Katika kuhesabu wati, usitazame matumizi ya kawaida bali dakika ya kuwasha. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huvuta kiasi cha ampea 2 kwenye laini ya volti 12, yaani wati 24, ilhali ikishazunguka hutumia wati 5 hadi 8 tu. Diski nne zikianza kwa pamoja ni karibu wati 100 kabla ya kuihesabu prosesa. Gen8 ina pawasaplai ya wati 150 iliyopangwa kwa diski nne na prosesa ndogo, na asiyejua hesabu hii huongeza diski ya tano na ya sita kisha akashangaa mashine haiwaki. Viunganishi vya bei rahisi vinavyogeuza plagi ya zamani ya pini nne kuwa ya SATA, hasa vile vilivyomiminwa plastiki nzima bila kuonyesha nyaya, vimejulikana kuyeyuka na kushika moto. Chagua vile ambavyo nyaya zake zinaonekana zimebanwa kwa kifuniko.

UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoiendeleza seva umeme unapokatika, ni lazima. Iliyo na kirekebisha volti ndani yake inafaa zaidi, kwa kuwa umeme unaoshuka na kupanda huchosha vifaa kuliko unaokatika moja kwa moja. Unganisha waya wa USB kutoka UPS hadi kwenye seva na uweke programu ya NUT ili seva ijizime yenyewe betri inapokaribia kwisha, kwani UPS isiyozungumza na seva huahirisha tu ajali kwa dakika kumi. Betri zake za risasi za volti 12 hazipendi joto, basi zijaribu kila baada ya miezi michache kwa kuchomoa plagi ya ukutani seva ikiwa haina kazi. Wanaotumia umeme wa jua wahakikishe kwamba inveta yao hutoa wimbi laini. Inveta za bei nafuu zenye wimbi la ngazi huzisumbua pawasaplai nyingi za kisasa. Katika nyumba ya kale fundi wa umeme aombwe pia apime waya wa ardhi, kwa maana soketi ya matundu matatu si ushahidi kwamba tundu la tatu limeunganishwa na kitu.

Ukiwa bado umelifungua kasha, badilisha betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye bodi kuu. Ikifa, saa ya seva hurudi nyuma kila umeme unapokatika, na mafaili hupata tarehe za uongo.

Hatua ya nne: RAM na prosesa, kwa ufupi

Kwa kugawa mafaili tu, GB 8 za RAM zinatosha, na GB 16 ni anasa nzuri kwa anayetumia mfumo wa kuhifadhi mafaili wa ZFS, kwa sababu mfumo huo hutumia RAM iliyo wazi kuyakumbuka mafaili yanayosomwa mara kwa mara. Jambo la kuangalia ni aina. DDR3 haiingii katika soketi ya DDR4, na hata ndani ya DDR3 kuna RAM za seva kubwa, zenye rejista, ambazo huuzwa rahisi sana zikiwa zimetumika na ambazo bodi nyingi ndogo hazizikubali. Gen8 hupokea vipande viwili tu, jumla GB 16, vya ECC (vinavyorekebisha makosa ya kumbukumbu) visivyo na rejista. Baada ya kuiweka RAM mpya, iache programu ya kupima RAM ya memtest86+ ifanye kazi usiku kucha kabla ya kuruhusu faili lolote lipite humo.

Prosesa iache, isipokuwa seva inalazimishwa kubadilisha video ili zionekane kwenye simu. Kwa kazi nyingine zote hutaona tofauti, ila utaona joto.

Hatua ya tano: kuchagua diski na kuzifikisha kisiwani

Mwenye diski nne za TB 2 hushawishika kununua nne nyingine kubwa zaidi. Napendelea mbili za TB 8 zilizounganishwa jozi, kila moja ikiwa kioo cha mwenzake. Jozi hiyo hutoa TB 8 za matumizi, ilhali nne za TB 2 katika RAID 5, ambako nafasi ya diski moja hutumika kwa kinga, hutoa TB 6 tu. Joto hupungua, mzigo wa pawasaplai hupungua, na nafasi mbili hubaki wazi kwa siku za mbele. Kila wati 10 zinazowaka mwaka mzima ni karibu uniti 88 za umeme, hivyo kuondoa diski mbili kunaonekana hata kwenye matumizi ya tokeni.

Kabla ya kulipa, uliza kama diski ni ya aina ya CMR au SMR. Diski za CMR huandika njia za data bila kulaliana, ilhali za SMR huziandika zikilaliana kama makuti ya paa, kwa hiyo kubadilisha njia moja ya chini kunalazimu kuandika upya zilizoilalia. Kwa kuhifadhi video zinazowekwa mara moja hakuna shida, lakini kundi la RAID au ZFS linapojijenga upya, diski hizo hupunguza mwendo kupita kiasi na wakati mwingine hutolewa kwenye kundi kama zilizokufa. Mwaka 2020 ilibainika kwamba Western Digital ilikuwa ikitumia SMR katika baadhi ya diski za WD Red zilizouzwa kwa ajili ya seva za nyumbani, na baadaye kampuni hiyo ikatenga jina la Red Plus kwa zile za CMR. Soma namba ya toleo kwenye lebo, usisome rangi ya lebo.

Mpaka mwingine ni wa bodi yenyewe. Mpangilio wa zamani wa patisheni wa MBR, kwa sekta za baiti 512, hauwezi kuhesabu zaidi ya TB 2.2, na baadhi ya kadi za kale za kuunganishia diski zina kikomo hichohicho ndani ya chipu zao. Dalili yake maarufu ni diski ya TB 3 kuonekana kama ya GB 746. Patisheni za GPT huondoa tatizo la kwanza. La pili huondolewa kwa kubadilisha kadi, au kwa kusasisha BIOS, programu ya kuwashia iliyo ndani ya bodi, ikiwa mtengenezaji alitoa toleo jipya. Kasi ya SATA ya kizazi cha pili, ambayo ni takriban MB 300 kwa sekunde, isikutie wasiwasi: hakuna diski ya kawaida ya kuzunguka ya nyumbani inayoijaza. Mfumo endeshi uweke kwenye SSD (diski isiyozunguka) ndogo ya GB 120 badala ya fimbo ya USB, kwa kuwa fimbo hizo hufa haraka zikiandikwa kila saa.

Diski zinazonunuliwa Mombasa au Nairobi hufika kwa basi hadi Mokowe, kisha kwa boti. Zikiwezekana zisafiri na mtu mkononi, ndani ya mfuko wake wa kuzuia umeme tuli na sponji pande zote, zikiwa zimefungwa nailoni mbili dhidi ya mawimbi yanayorusha maji ndani ya boti. Asipewe hamali azitupe juu ya mkokoteni, wala zisifungwe katika shogi la punda. Zikifika kutoka kwenye basi lenye kipoza hewa, usizifungue papo hapo: hewa ya kisiwani itaacha umande juu ya chuma baridi. Ziache saa kadhaa zikiwa zimefungwa, mpaka joto lake lilingane na la chumba.

Hatua ya sita: zitese diski kabla ya kuziamini

Diski mbovu hujitambulisha zaidi katika siku zake za mwanzo, na afadhali ijitambulishe ikiwa tupu na risiti ingali mkononi. Anza na `smartctl -t long`, ambao ni ukaguzi wa ndani wa diski nzima. Ukimalizika bila kosa, endesha `badblocks -b 4096 -wsv` juu ya diski hiyo. Amri hii hufuta kila kitu, basi hakikisha mara mbili kwamba jina uliloandika ni la diski mpya, kwa kutumia zile nambari za daftarini. Huandika na kusoma diski nzima kwa mipangilio minne tofauti, na kwa diski ya TB 8 inaweza kuchukua siku tano au zaidi. Ni subira ndefu, lakini haikuhitaji ukae nayo. Mwishoni soma tena sifa za 5, 197, 198 na 199. Zote ziwe sifuri, la sivyo irudishe dukani, isipokuwa ikiwa ni 199 pekee, ambapo kwanza badilisha kebo.

Diski mpya isipozunguka kabisa, hasa ile iliyotolewa ndani ya kasha la USB, tatizo laweza kuwa pini ya tatu ya umeme wa SATA. Katika kanuni mpya za SATA pini hiyo huizima diski ikipata volti 3.3, nazo pawasaplai za zamani huipelekea volti hizo bila kujua. Kebo ya kugeuza isiyo na waya wa volti 3.3 humaliza tatizo.

Hatua ya saba: kuhamisha mafaili

Njia inayofahamika zaidi ni kutoa diski moja ya zamani, kuweka mpya, kungoja kundi lijijenge upya, na kurudia hadi zote ziishe. Inafanya kazi, na anayebaki na idadi ileile ya diski ataitumia: kwa ZFS ni `zpool set autoexpand=on` kisha `zpool replace` kwa kila diski; kwa mdadm, programu ya RAID ya Linux, ni `--fail` na `--remove` kwa ya zamani na `--add` kwa mpya, halafu zote zikiisha `--grow --size=max`, halafu `resize2fs`. Udhaifu wake ni kwamba kila kujijenga upya huzilazimisha diski kuukuu zilizobaki zisomwe kutoka mwanzo hadi mwisho, kazi nzito kuliko zote zilizowahi kupewa, katika saa ambazo kundi la RAID 5 halina kinga yoyote.

Aliyechagua jozi mpya ana njia iliyo salama zaidi. Unganisha diski mpya moja kwenye poti ya SATA iliyo wazi, au kwenye kompyuta nyingine ya nyumbani ikiwa seva haina poti. Tengeneza juu yake hifadhi mpya ya ZFS ya diski moja, ukitaja `ashift=12` ili ilingane na sekta za baiti 4096 za diski za kisasa. Wajulishe watu wa nyumbani kwamba tangu hapo hakuna kuongeza picha wala kufuta, kisha nakili kila kitu kwa `rsync -aHAX`. TB 4 za mafaili zikipita kwenye mtandao wa gigabiti huchukua karibu saa kumi, na ndani ya mashine moja huchukua pungufu ya hapo. Baada ya kunakili, endesha amri ileile ukiongeza `-n`, `-c` na `-i`: italinganisha yaliyomo katika kila faili bila kubadilisha chochote, na isipochapa hata mstari mmoja, nakala imelingana na asili.

Hapo ndipo unapozima mashine, ukatoa diski zote nne za zamani bila kuzigusa yaliyomo, ukaweka mpya mbili, na kuiunganisha ya pili kwa `zpool attach` ili iwe kioo cha ya kwanza. Uzuri wa njia hii ni kwamba katika kila hatua kuna seti moja kamili ya mafaili ambayo haijaguswa. Diski za zamani zinabaki katika mkebe wake zikiwa na kila kitu, na kosa lolote la jioni hiyo linaweza kurudishwa nyuma kwa kuzirudisha mahali pake kwa mpangilio ulioandikwa daftarini.

Hatua ya nane: mtandao

Mara nyingi anayelalamika kwamba seva ni nzito analalamikia swichi au ruta. Tundu la megabiti 100 hupitisha kiasi cha MB 11 au 12 kwa sekunde, la gigabiti karibu MB 110, na diski mpya husoma kasi zaidi ya yote mawili. Badilisha swichi iwe ya gigabiti na utumie kebo za Cat5e au Cat6 zenye shaba halisi. Kuta nene za nyumba zetu huzuia Wi-Fi kuliko kitu kingine chochote, basi vuta kebo moja hadi kila ghorofa na uweke kisambazaji kidogo huko, badala ya kununua ruta moja yenye pembe nane. Kebo inayopita juani ipite ndani ya bomba la plastiki, na vichwa vyake vitazamwe kila mwaka kwa ajili ya kutu.

Hatua ya mwisho: uangalizi, na diski za zamani

Panga ukaguzi wa `zpool scrub`, unaosoma data zote kutafuta makosa, kila mwezi na ukaguzi mrefu wa SMART kila baada ya miezi miwili, usiku tofauti, na uiagize seva ikutumie baruapepe inapoona kosa. Jitumie ujumbe wa majaribio siku hiyohiyo, maana seva nyingi hulia kwa anwani ambayo mwenyewe aliacha kuitumia.

Diski za zamani zikae bila kuguswa mpaka scrub ya kwanza ipite bila kosa. Baada ya hapo, zenye afya zinaweza kufutwa na kugeuzwa kuwa nakala ya akiba ya pili, ikihifadhiwa kwa jamaa wa Malindi au Mombasa, na tarehe ya nakala iandikwe juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Ziunganishwe na kusomwa angalau mara mbili kwa mwaka. Zenye sekta zinazosubiri (sifa ya 197) zisiuzwe wala zisigawiwe mtu. Zikiwa bado zinaandikika, zifutwe kwa `shred -v -n 1`. Zikikataa, zitobolewe kwa drili kupita kwenye sahani zake, macho yakiwa yamefunikwa kwa miwani ya kazi, kwa kuwa baadhi ya diski, hasa za kompyuta za mkononi, zina sahani za kioo.